Shangazi, mke wangu anataka nifute wimbo

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinicheke. Najua wanaokuandikia wana mambo mazito, wengine ndoa imefika ukingoni, wengine wanagombania mali ya marehemu, na mimi nakuja na wimbo. Lakini wimbo huu umetufanya tusalimiane kama majirani ndani ya nyumba moja, na sijui pa kuanzia.

Nina miaka 36, nimeoa, tuna binti wa miaka miwili. Tangu ujana wangu muziki nausikiliza kwa mpango. Simu yangu ina orodha ya nyimbo kwa kila hali: ya kuamkia, ya mazoezi, ya kazi za kuchosha (hiyo ni ala tupu, maana wimbo ukiwa na maneno nayafuata na kazi haiendi), ya kufulia, ya safari ndefu, ya siku nina hasira na mtu. Ipo moja niliyoipa jina "Mvua", ya usiku ninapotaka kukaa na mawazo yangu. Marafiki hunitania kwamba hata nyimbo za mazishi yangu nimeshazipanga. Sijawaambia kwamba ni kweli.

Basi usiku mmoja mvua inanyesha, mtoto kalala, nimekaa barazani na spika zangu za masikioni. Mke wangu akatoka, akakaa ubavuni, akachomoa moja sikioni mwangu akaitia kwake. Hajawahi kufanya hivyo. Tukasikiliza nyimbo mbili tatu bila kusemeshana, na nilijisikia vizuri mno. Ukaingia wimbo mwingine. Hata mwimbaji hajafungua kinywa, ni gitaa tu linaanza, kidole gumba changu kikawa kimeshauruka. Sikufikiri, Shangazi. Kidole kilikwenda chenyewe.

"Mbona umeuruka?"

"Nimeuchoka."

Akanyoosha mkono akaichukua simu. Ile programu ina ukurasa unaoonyesha nyimbo unazozisikiliza zaidi, na huo niliouchoka ulikuwa wa kwanza kabisa. Akanionyesha. Hakusema kitu, akasubiri.

Nikamwambia. Wimbo ule nilitumiwa na msichana niliyekuwa naye kabla yake. Wakati huo baba yangu alikuwa amelazwa, na mimi nikitoka kazini napanda basi kwenda kumwona, njia ndefu yenye foleni. Nilikuwa nakaa dirishani, nauweka wimbo ule, ukiisha naurudia, mpaka nafika. Kuna siku nilimsikilizisha baba. Kuongea kulikuwa kumeshamshinda, lakini kiitikio kilipofika vidole vyake vilianza kupiga mdundo juu ya shuka. Vilikuwa vinachelewa kidogo, naye akajua vinachelewa, akatabasamu. Hazikupita siku nyingi akafariki. Yule msichana tuliachana baadaye bila ugomvi, hata sijui yuko wapi.

Mke wangu alisikia neno "msichana", mengine sidhani kama yaliingia. Anataka niufute, na niufute mbele yake. Nimegoma. Nikamwambia wimbo ni wimbo tu, naye akanijibu kama ni wimbo tu basi kuufuta si kazi. Kisha akaniuliza, "Na mimi niko orodha gani?" Hilo sikulijibu kwa sababu lilikuwa swali la hasira.

Kuna na jingine. Tunakaribia kutimiza miaka mitano ya ndoa, na kabla ya haya alikuwa anataka siku hiyo tuucheze "wimbo wetu", yaani ule tulioingia nao ukumbini siku ya harusi. Shangazi, ule wimbo siupendi. Aliuchagua dada yake. Ni mtamu kupita kiasi na kinanda hakipumziki. Nilikuwa nimeanza kumtafutia mbadala, nikatengeneza orodha ya nyimbo nzuri ili achague mmoja uwe wetu rasmi, lakini kwa hali ilivyo nimeogopa kumpa. Hata muda wa kukaa tukazungumza haupo, maana jioni zote ni za kumlaza mtoto, ambaye hasinzii mpaka tumwimbie kawimbo fulani ka kipuuzi ka kiatu kilichopotea. Tunakaimba kwa zamu, na beti nyingine tumezitunga wenyewe.

Nifute? Na ule wa harusi nimwambieje?

Msikilizaji

*

Marahaba mwanangu,

Sikucheki. Wimbo umeshatikisa nyumba imara kuliko yako.

Kwanza jibu, halafu maneno. Wimbo usiufute. Ila usiende kumwambia mkeo kwamba Shangazi amesema usiufute, maana hapo utakuwa umeishika nusu ya barua hii na kuitupa nusu nyingine, na nusu unayotaka kuitupa ndiyo yenye kazi.

Sababu ya kutoufuta ni kwamba kufuta hakufuti. Utaondoa faili kwenye simu, kesho utausikia kwenye redio ya gari linalopita, na mwili wako wote utarudi kwenye kile kiti cha dirishani kabla hujajua unafikiria nini. Mwaka 2009 mtafiti wa ubongo aitwaye Petr Janata, wa Chuo Kikuu cha California pale Davis, aliwalaza wanafunzi kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, akawapigia vipande vya sekunde 30 vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana. Wimbo ukigusa kumbukumbu ya maisha ya msikilizaji, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya katikati nyuma ya paji la uso, ilikuwa inaamka, na kadiri kumbukumbu ilivyokuwa nzito ndivyo ilivyoamka zaidi. Ni sehemu inayohusika na mtu kujifikiria mwenyewe. Kwa hiyo ukiulizwa wimbo umekaa wapi, usionyeshe simu.

Na angalia wimbo wenyewe umeshika nini. Nimeirudia barua yako nikitafuta yule msichana. Ana sentensi mbili: alikutumia wimbo, na mliachana bila ugomvi. Basi. Baba yako ana basi, ana foleni, ana dirisha, ana shuka, ana vidole vinavyochelewa mdundo na tabasamu la kujua kwamba vinachelewa. Mwanangu, huu ni wimbo wa mzee. Msichana alikuwa tarishi tu, kaleta barua akaondoka. Aliyekaa ndani ya wimbo ni baba yako, na wewe kwa kuuficha umempa tarishi nyumba nzima.

Hapo ndipo nakulaumu. Mkeo, kama hesabu zangu ziko sawa, hakumkuta mkwewe hai. Anamjua kwa picha na kwa mambo ambayo watu husimulia kuhusu marehemu, kwamba alikuwa mpole, alikuwa mchapakazi, alipenda watu. Wewe umekaa na mzee mwenye vidole vinavyocheza juu ya shuka, mzee anayejicheka mwenyewe, na hujawahi kumkutanisha na mke wa mwanawe. Siku ulipomkutanisha ulikuwa umebanwa kwenye kona, unajitetea, na ukaanza na msichana. Ungeanzaje na msichana? Mtu akisikia neno hilo mwanzoni mwa maelezo, masikio yanafunga. Ungetaka asikie nini baada ya hapo?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisimulia upya, siku ambayo hakuna anayemdai mwenzake jibu. Anza na basi. Mwambie ulikuwa unatoka kazini saa ngapi, ulikuwa na hofu gani ukishuka kituoni, mzee alikuwa amevaa nini. Fika kwenye vidole. Kisha muombe muusikilize pamoja mpaka mwisho, kwa spika ya kawaida, isiyo ya masikioni. Akilia, mwache alie. Akiuliza kuhusu msichana, jibu kwa urefu ule ule ulioniandikia mimi, sentensi mbili. Usiongeze sifa wala usiongeze dharau, maana dharau nayo hushtua: mwanamke mwenye akili husikia mtu anasemwa vibaya sana akajiuliza kwa nini juhudi zote hizo.

Sasa kidole. Unasema kilikwenda chenyewe, na nakuamini. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama. Dopamini, ile kemikali ya hamu na raha, waliiona ikitoka kwa awamu mbili na katika sehemu mbili tofauti: kwanza msikilizaji anapokingojea kile kipande anachokipenda, kisha kipande kinapofika. Maana yake mwili wako unaujua wimbo kabla wimbo haujakufikia. Gitaa likigusa nyuzi za kwanza, wewe umeshafika hospitali. Na pale pale ukakumbuka nani amekaa ubavuni na amevaa spika ya pili.

Lakini jiweke upande wake. Huyu mtu ametoka ndani usiku wa mvua, kaja alipo mumewe, kafanya jambo ambalo kwa maneno yako mwenyewe hajawahi kulifanya. Ameomba kuingia. Nyimbo mbili tatu akaruhusiwa. Halafu akaona kidole kinamfungia mlango usoni, na alipouliza akapewa uongo, tena uongo ambao simu yenyewe iliukana papo hapo. Hata ungekuwa wimbo wa taifa angeumia. Anaposema ufute, anashambulia kitu kilicho karibu na mkono wake. Hawezi kusema "futa ule mwendo wa kidole", basi anasema futa wimbo.

Na swali lake, lile ambalo hukulijibu kwa kuwa lilikuwa la hasira. Mwanangu, maswali ya hasira ndiyo ya kweli kuliko yote, na hili lilikuwa barua nzima katika maneno matano. Una orodha ya kufulia nguo. Una orodha ya kumchukia mtu. Una orodha ya siku utakapokuwa maiti. Mkeo wa miaka mitano amepitia hizo zote kichwani mwake akijitafuta, na naweza kukuapia kwamba amezipitia na kwenye simu pia, usiku ukiwa umelala.

Kuna kisa ninachokipenda kuhusu Walkman, ile mashine ndogo ya kanda ambayo Sony waliitoa Japani Julai 1979. (Wadogo zangu mnaosoma, kabla ya simu tulitembea na kanda. Nyimbo tulizirekodi kutoka redioni, kidole juu ya kitufe, tukimwomba mtangazaji kimoyomoyo anyamaze kidogo wimbo uishe salama.) Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, alikwenda na ile ya majaribio nyumbani kwake, akawa anasikiliza. Baadaye alieleza kwamba aligundua anamkera mkewe, aliyejiona ametengwa. Basi Walkman ya kwanza kuuzwa ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, wawili waweze kusikiliza mashine moja, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki unashuka na kipaza sauti kidogo kinawawezesha kuongea. Mashine za baadaye ziliacha tundu la pili, maana ilionekana watu wanapenda kusikiliza peke yao. Hata hivyo, mkeo siku ile alikuwa anatafuta tundu la pili.

Simaanishi kwamba hupaswi kusikiliza peke yako. Mtu aliyeoa bado ana haki ya saa moja na muziki wake bila kuhojiwa, na kama mkeo anataka kila wimbo uwe na cheti cha kuzaliwa, nyumba itakuwa kituo cha polisi. Ila zote zikiwa za peke yako, anayebaki nje atahesabu.

Na wewe mama, kama unaisoma hii begani mwa mumeo, nina neno moja tu kwako. Mtu mwenye miaka thelathini na kitu amekuja kwako na nyimbo zake kama alivyokuja na makovu ya utotoni. Huwezi kumwambia afute kovu. Unaweza kumwambia akusimulie alilipataje, na akikudanganya una haki ya kukasirika kama ulivyokasirika.

Turudi kwa wimbo wa harusi, ambao hautuchukui muda. Usimwambie huupendi. Miaka mitano umekaa kimya, kwa nini ukweli ukujie mwezi huu, wakati unatetea wimbo mwingine kwa meno? Atasikia hesabu: wa yule unabaki, wangu unatoka.

Halafu unachanganya mambo mawili, wimbo mzuri na wimbo wenye kitu ndani yake. Umezoea kuchagua kwa sikio, na sikio lako naliheshimu, lakini wimbo wa tukio hauchaguliwi na sikio. Nyimbo nyingi zinazowatoa watu machozi ni za kawaida tu, nyingine mbovu kabisa. Zilikuwepo wakati jambo linatokea, ndiyo sifa yao. Mkeo anapousikia ule wa kinanda kisichopumzika anaona ukumbi, anaona mamake, anakuona wewe umebana kola. Wewe siku ile ulikuwa unahesabu hatua usikanyage gauni, na tangu hapo umeuepuka, utaupendaje? Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huanza kupendelea vitu visivyo na maana yoyote, maumbo na maneno ya kubuni, kwa sababu tu wameonyeshwa mara nyingi. Jambo hilo lina mpaka, mimi mwenyewe kuna nyimbo redio ilinipigia mpaka nikazichukia, na atakayefanya wimbo aupendao kuwa kengele ya kumwamsha alfajiri atakuja kuniambia. Lakini wimbo uliousikia mara moja huku unatoka jasho haujapewa nafasi. Ucheze naye siku hiyo. Mwangalie yeye, kinanda kiache kiendelee na shughuli zake.

Ile orodha ya mapendekezo ichane. Wimbo wa watu wawili haupigiwi kura. Haupatikani kwa kutafuta ulio bora ukauvisha cheo, unakuja wenyewe kwa kurudiwa mahali pamoja, na watu wale wale, mpaka siku moja mmoja wenu anausikia akiwa mbali na moyo unamdunda. Sasa mwanangu, umeniandikia kwa kulalamika kwamba jioni zenu zote zinaliwa na kawimbo ka kiatu kilichopotea. Kila usiku. Kwa zamu. Chumba kimoja, taa imezimwa, watu wale wale. Na beti mmezitunga wenyewe! Hivi wewe mtaalamu wa orodha, hukuona?

Miaka ishirini ijayo ule wa kinanda utamkumbusha mkeo siku moja. Ka kiatu katawakumbusha nyote wawili miaka hii yote, harufu ya nywele za mtoto, na nani alisinzia kabla ya beti ya mwisho. Binti naye hatakumbuka usiku hata mmoja kati ya hizi, miaka miwili ni midogo mno, lakini nyimbo za nyumbani huwafuata watoto kwa njia zake. Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapigia vijana wa miaka kama 20 nyimbo zilizovuma katika miongo tofauti, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Nyimbo za wakati wao vijana walizijua, hilo lilitarajiwa. Kilichoshangaza ni kwamba walikuwa na kumbukumbu na hisia pia kwa nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana, enzi ambayo wao hawakuwepo. Zilipigwa nyumbani wanakua, zikawaingia. Kwa hiyo hata ule wa mzee, ukitoka masikioni ukaingia sebuleni, una nafasi ya kufika kwa mjukuu ambaye hakumwona.

Rekodi kawimbo hako. Weka simu kando ya kitanda usiku mmoja bila kumwambia mama mtu, uchukue sauti zenu zote tatu, na makosa yake, na kikohozi, na "haya lala sasa". Usikasafishe. Utajua siku ya kumpa.

Imebaki "Mvua". Hili hukuniuliza, lakini umeligusa na siwezi kulipita. Kusikiliza nyimbo za huzuni hakukufanyi mgonjwa. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch, watafiti wa Berlin, walichapisha majibu ya watu 772 walioulizwa wanapata nini katika muziki wa huzuni, na hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni, ilikuwa ile hamu ya mambo yaliyopita. Wengi walisema unawaliwaza. Nawe ndivyo unavyoutumia, naona. Ninachokiuliza ni mpangilio. Orodha inaanzia chini na kuishia chini, au kuna mahali inakurudisha? Daktari wa magonjwa ya akili Ira Altshuler aliandika mwaka 1948 kwamba muziki wa kumsaidia mgonjwa uanze pale hali yake ilipo, halafu usogezwe hatua kwa hatua kuelekea pale unapotaka afike. Ukiwa na simanzi nikakupigia muziki wa sherehe utanichukia. Lakini nikianza na wa simanzi, kisha wenye simanzi na mdundo kidogo, kisha wa utulivu, utajikuta umefika bila kusukumwa. Wewe mpanga nyimbo hili unaliweza kuliko mimi. Wimbo wa mzee uweke katikati, usiuweke mwisho. Mwisho weka ule unaoweza kuinuka nao ukaingia ndani ukaongea na watu. Na kama ukiuzima muziki bado huinuki, usiku hulali na kazi inakushinda, hapo tumetoka kwenye nyimbo. Tafuta mshauri wa ana kwa ana, msiba wa mzazi hauna muda wake wa kuisha.

Utaratibu wangu basi. Usiku wowote tulivu wiki hii, kabla ya kugusa habari ya maadhimisho, msimulie mzee. Usiombe msamaha wa wimbo, omba msamaha wa kidole na wa lile "nimeuchoka". Kisha mjibu swali lake. Mwambie ukweli kwamba alikuwa hayumo, usibabaishe, na umpe simu atengeneze orodha ya kwanza kwa mkono wake, aweke anachotaka, na kile cha kinanda kikiwemo. Wewe usimkosoe. Najua utataka kumkosoa, hasa kwenye mpangilio. Kaa kimya.

Na kabla hujafanya lolote kati ya haya, ingia kwenye ile programu uzime kitufe cha kuchanganya nyimbo.

Shangazi